Kemilembe wa Kikorea

Jumapili, misa ikishaisha pale Ijumbi, wanawake huteremka kilima haraka kuwahi ndizi jikoni. Agnes hubaki. Hukaa kwenye ukuta mfupi nyuma ya kanisa, kitenge mabegani, kichwa ameinamisha, vidole vinacheza polepole mapajani. Katekista Lwakatare, ambaye haoni mbali, amekwisha kumtaja mbele ya waumini kuwa mfano wa mama anayebaki na rozari yake wakati wenzake wanawaza matumbo. Mungu amsamehe katekista, na Agnes naye asamehewe, maana hajawahi kumsahihisha. Nyuma ya kanisa ndipo mahali pekee kijijini penye mtandao wa maana, na Agnes hubaki pale kushusha sizoni za Kikorea.

Akiteremka, simu yake imebeba chakula cha wiki nzima: mtoto wa tajiri aliyempenda muuza mikate, daktari aliyepoteza kumbukumbu, na nyimbo mpya za Baram Five, vijana watano wanaocheza kwa pamoja bila hata mmoja kukosea mguu. Mdogo wao ni Hae-jun. Agnes humwita Hejuni, kama kijana wa Kamachumu tu. Anajua siku yake ya kuzaliwa, anajua kwamba hali uyoga, anajua goti lipi lilimuuma mwaka juzi. Yeye mwenyewe ana miaka arobaini na mitano, magoti yake yote mawili yanauma, na hakuna anayeuliza. Utasema mtu mzima hovyo. Sema tu, wenzako walishasema mpaka wakachoka.

Huko mtandaoni lakini Agnes ni mtu. Kuna kundi la WhatsApp linaloitwa Nshomile wa Seoul, yaani wasomi wa Seoul, lililoanzishwa na Maimuna, muuza vipodozi wa Bukoba mjini, mwanamke wa maneno mengi na moyo mweupe. Wamo wauguzi, wanafunzi, walimu, hata mama mmoja wa Maruku anayeuza miche ya migomba. Wengi wao hawana bando la kuangalia video, na wenye bando hawana muda. Basi Agnes huwasimulia. Anajibanza shambani, anabonyeza kitufe, anaeleza kipande kizima na machozi yake, na sauti zinakwenda zenyewe mtandao ukijisikia. "Mama Jeni, umeniua," huandika Maimuna. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona uso.

Zamani kidogo alikuwa fundi cherehani kule Hamugembe, katika chumba kilichopakana na migomba ya watu. Mumewe Alexander alikwenda visiwani kununua samaki, akarudi, akaenda, akarudi, halafu akaenda. Ana nyumba ya pili huko, kila mtu anajua, na Krismasi akikumbuka hutuma salamu. Agnes alikuwa amekwisha kulizoea hilo. Alikuwa na cherehani yake, na binti yake wa pekee, Jenifa, ndiye aliyemwekea sizoni ya kwanza kwenye simu ili mama apate cha kumliwaza. Kisha shemeji yake, Eliud, akapiga simu kutoka Ijumbi. Mama mkwe, Bernadeta, ameanguka kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi. "Wewe ndiye mke wa nyumba, shemeji. Njoo hata wiki mbili tu, tujipange." Huu ni mwaka wa tatu. Bado wanajipanga.

Basi Agnes humwinua, humwogesha, humlisha, humgeuza upande asipate vidonda, na Bernadeta si mwanamke mdogo. Akitoka hapo anamenya ndizi, anapalilia, anaanika kahawa, na mvua ikinyesha anaianua, ikikatika anaianika tena. Uchovu wake si ule wa kulala ukaamka umepona. Anaamka nao, anakunywa nao chai. Na katika yote hayo, yule mama hajawahi kumwita kwa jina lake. Humwita mukamwana, yaani mke wa mwanangu, tangu wiki ya harusi, kwa sauti ileile ya mtu anayefukuza mbuzi wa jirani.

Halafu kuna lile la senene. Wanasema mavi ya kale hayanuki. Waliosema hivyo hawakuishi na mama mkwe. Mwaka ule aliolewa, Novemba ilipofika na senene, wale panzi wanaoliwa, wakaanza kushuka, Agnes alitoka alfajiri na wanawake wa Ijumbi kwenda kuwaokota kwenye nyasi zenye umande. Kwa Wahaya, mke huokota senene kwa mkono wake, akawanyonyoa mbawa na miguu, akampelekea mumewe, na mume humpa nguo mpya. Ndiyo heshima yake mbele ya watu. Agnes alikuwa mtoto wa mjini, nyasi zilimkata mpaka vidole vikavimba, lakini kikapu kilijaa. Alipokileta, amepiga magoti, Bernadeta alikitazama mbele ya majirani akasema, "Hizi ni za kununua sokoni." Akazimwaga uani, kuku wakala. Alexander alitazama chini. Nguo aliyokuwa amemnunulia mkewe haikuonekana tena, na Agnes hakuiulizia. Wako watu wanaodai mashamba kwa wakwe zao. Yeye kwa miaka ishirini na minne alidai neno moja tu, kwamba senene zile hakununua.

Hakuwahi kulidai kwa mdomo. Ungemdai nani, na kwa mdomo gani?

Sizoni ziliingia kati yao kwa bahati, mchana mmoja wa mvua. Agnes alikuwa amekaa karibu na kitanda cha mgonjwa anaangalia simu, amesahau kupunguza sauti. Bernadeta ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Haoni isipokuwa mwanga na vivuli. Lakini masikio yake yangeweza kusikia ndizi ikiiva.

"Nani analia humo?" akauliza kwa Kihaya, maana Kiswahili chake ni cha kununulia chumvi tu.

"Msichana, Mawe. Mama mkwe wake anamtesa," Agnes akajibu, akimwita Mawe, yaani mama kwa Kihaya.

"Amekosa nini?"

"Hajakosa kitu."

"Hakuna mkwe asiyekosa kitu. Anaitwa nani?"

"Sua."

"Hilo jina gani? Mpe jina la watu."

Agnes akampa la Kemilembe. Mume wa Sua akawa Kamugisha. Kuanzia siku ile, kila baada ya chakula cha mchana, Agnes alisoma yale maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha na kuyageuza Kihaya papo hapo. Wali ukawa ndizi. Pombe ya chupa za kijani ikawa rubisi. Theluji, kwa kukosa la kusema, ikawa mvua ya mawe iliyochoka. Bernadeta aliuliza ni watu wa ukoo gani, akaambiwa ni ukoo mkubwa, wa watawala, akaridhika. Aliposikia kwamba wanavua viatu mlangoni, kwamba mdogo huinama kwa mkubwa na mzee ndiye hupakuliwa kwanza, akatoa hukumu yake. "Hawa ni Wahaya wenzetu. Walipotea njia tu."

Kuna Jumatatu baba yake Kamugisha alikufa. Kesho yake Agnes akachukua jembe, na sauti ikamfuata kutoka chumbani: "Mukamwana! Kuna msiba, wewe unakwenda kulima?" Kweli, kwetu maiti ikiwa haijazikwa jembe haliingii ardhini. Agnes akabaki mlangoni, hajui acheke au alie. "Wameshazika?" mama akauliza. Hawakuwa wamezika, kwa sababu mazishi yalikuwa kwenye kipande kinachofuata, na kipande kinachofuata kilikuwa nyuma ya kanisa, Jumapili. Angeweza kudanganya. Kudanganya mtu asiyeona ni rahisi kuliko kumenya ndizi. Lakini Agnes aliliweka jembe chini, akajilaza kidogo kwenye mkeka, akaja kuamka jua limeinama. Hakukumbuka lini alilala mchana mara ya mwisho. Basi marehemu akakaa wiki nzima bila kuzikwa, magugu yakafurahi, na Bernadeta akaamuru mkungu mmoja upelekwe kwa wafiwa. Waliula wenyewe.

Ungedhani kwa namna hiyo walipatana. Hapana. Bernadeta alimpenda Kemilembe. Aliuliza habari zake asubuhi, alimhurumia, alimtukana yule mama mkwe wa kwenye simu kwa matusi ambayo siyaandiki. Simu ikizimwa, Agnes alirudi kuwa mukamwana, maji ni ya moto mno, uji ni mwepesi mno, mkono mzito kama wa mwanamume. Hilo ndilo lililomchosha kuliko kunyanyua.

Mwaka huu Maimuna akatangaza kwenye kundi kwamba siku ya kuzaliwa ya Hejuni itaangukia Jumamosi, na Nshomile wote watakutana Bukoba, ufukweni, kwa keki na fulana za kijani. Akaongeza: "Na Mama Jeni atatusimulia kwa mdomo wake, live, asitukatae." Agnes aliusoma ujumbe ule nyuma ya kanisa mara nyingi kuliko sala ya siku hiyo. Akaomba jirani yake, Elieth, aje akae na mgonjwa. Elieth akakubali. Akalitoa gauni aliloshona mwenyewe enzi za Hamugembe, akalipiga pasi ya mkaa, na kwa siku kadhaa alitembea kama msichana anayejua jambo.

Jumamosi asubuhi Bernadeta alikunywa uji wake wote, kimya kama mtoto mzuri. Alingoja Agnes avae. Alingoja Elieth aingie na kuketi. Ndipo akajisaidia kitandani, na kwa mkono wake mzima akajimwagia mtungi wa maji. Wewe unaweza kusema ni ugonjwa. Agnes aliutazama uso ule akajua si ugonjwa.

"Nenda," mama akasema. "Nenda kwa Wachina wako. Ukirudi utanizika."

"Mama Jeni," Elieth akanong'ona, "mimi kumwinua peke yangu siwezi."

Agnes akalivua gauni. Wakamwinua pamoja, wakamwosha, wakatandika upya, Elieth akaenda zake akitikisa kichwa. Agnes akafua mashuka. Akayaanika. Mvua ikaja, akayaanua. Ilipofika mchana, mabati yanalia kwa mvua, sauti ikatoka kitandani, tulivu kabisa, kama vile siku ile haikuwa na asubuhi.

"Mukamwana. Niwekee Kemilembe."

Agnes akaja kando ya kitanda. Alikaa, akafungua simu, akaweka. Hasira yake ilikuwa imechoka pia, ilikaa tu ndani kama maji ya dimbwi. Kwenye kioo Sua alikuwa amepiga magoti sebuleni. Alikuwa amempikia mama mkwe wake supu ya siku ya kuzaliwa, na yule mama, mzima wa afya na lulu zake shingoni, ameimwaga kwenye sinki. Sua akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Hakusema kitu. Chini ya picha hapakuwa na maandishi yoyote.

"Anasemaje?" Bernadeta akauliza.

"Anasema," Agnes akaanza, akakitazama tena kioo. Kisha mdomo ukafunguka wenyewe. "Anasema, Mama, nimekuogesha, nimekulisha, nimekugeuza usiku na mchana usioze ubavu, na jina langu hulijui. Anasema, nilikuletea senene nimepiga magoti, ukazimwaga kwa kuku, ukasema nimenunua. Sikununua. Niliokota mwenyewe, nyasi zikanikata mpaka nikashindwa kushika kijiko. Anasema, kunichukia ungenichukia tu, wakwe wengi huchukiwa. Lakini kwa nini unisingizie mbele za watu?"

Alipomaliza, akaitazama simu. Sua alikuwa bado ameinama pale, hajui amesema nini.

Mvua iliendelea kupiga bati.

"Kwao kuna senene?" Bernadeta akauliza baadaye.

"Wapo, Mawe."

"Huyo mtoto ana mdomo." Akageuza uso ukutani. "Zima."

Hakuiulizia sizoni siku ile wala iliyofuata. Uji alikunywa nusu. Hakulalamikia maji wala mkono mzito, na nyumba ikawa kimya kibaya, kimya cha nyumba inayongoja taarifa. Agnes aliogopa. Alijiambia, nimemtukana mgonjwa, akifa leo amekufa na maneno yangu. Dakika iliyofuata alijiambia, na maneno yake mimi nimeishi nayo, mbona sikufa? Jumapili alipanda kanisani kwa mazoea, akakuta picha za Bukoba, watu wa fulana za kijani wanacheka mbele ya ziwa, na katikati yao kiti kitupu chenye fulana imekunjwa juu yake. "Hicho chako," Maimuna ameandika. "Hakuna aliyeruhusiwa kukikalia." Agnes alilia pale ukutani waziwazi, na katekista, akipita, akapunguza mwendo kwa heshima ya rozari.

Siku tatu baadaye alikuwa anamwogesha Bernadeta mchana, beseni kando ya kitanda, gauni lake mwenyewe limelowa mpaka tumboni.

"Kemilembe bado yupo kwa wale watu?" mama akauliza ghafla.

"Yupo, Mawe."

"Hajaondoka?"

"Aende wapi?"

"Iwashe hiyo simu."

Agnes akajifuta mikono, akawasha. Kilichofunguka si sizoni. Ni Hejuni na wenzake, nywele zinang'aa, wanaruka wote kwa pamoja. Akaizima sauti upesi, akaiacha picha iende, akausogeza ule mwanga karibu na macho meupe ya mama mkwe wake.

"Ananisikia?"

"Anakusikia."

Bernadeta akajikohoza kama mtu anayesimama mbele ya baraza. "Kemilembe. Zile senene hukununua. Nilijua tangu ulipopiga magoti. Niliiona mikono yako." Akapumzika, maana ulimi nao una upande uliokufa. "Mimi nilimwokotea mume wangu senene misimu yote mpaka alipozikwa, na sikupewa hata leso. Wewe mwaka wako wa kwanza, nguo ilikwisha kununuliwa kabla senene hawajashuka. Ikaniuma. Nikasema uongo. Ndiyo hivyo."

Hejuni alikuwa anazunguka kwa mguu mmoja, anatabasamu.

"Anasemaje?" Bernadeta akauliza.

Agnes alijaribu kutafsiri, hakupata lugha. Neno alilolidai miaka yote hiyo limekuja, tena limekuja lote, na anwani yake ni ya mtu mwingine. Alitamani kufurahi na hakuwa na nguvu ya kufurahi.

"Analia, Mawe," akasema.

"Mwache alie. Chini ya kitanda kuna sanduku langu. Chini kabisa, chini ya sanda. Kitoe kilichomo."

Kilikuwa kitenge cha njano chenye ndege wa kijani, mikunjo yake haijawahi kufunguliwa, kinanuka chuma na miaka. Agnes alikijua bila kuambiwa. Alikuwa amekiona siku moja tu, kimechungulia kwenye mfuko wa Alexander, alipokuwa na umri wa Jenifa.

"Mpelekee Kemilembe," mama akasema.

"Kemilembe yuko mbali, Mawe."

"Najua yuko mbali." Akageuza uso upande wa Agnes. "Basi kivae wewe, mpaka atakapokuja."

Agnes akajifunga kitenge juu ya gauni lililolowa. Bernadeta akanyoosha mkono wake mzima, akakipapasa upindo, akapanda nao taratibu mpaka kiunoni, akakutana na mkono wa Agnes. Hakuuachia. Akavishika vidole kimoja baada ya kingine, kwa ncha za vidole vyake mwenyewe, akitafuta pale nyasi zilipovikata zamani.

"Vilipona," akasema.